Daftari la homa na gari lililogoma

Kipimajoto kilisoma 39.1. Ilikuwa saa 8 usiku, mvua ya masika inapiga bati huko Kinyerezi, jijini Dar es Salaam, na binti wa miaka sita amelala mapajani mwa mama yake akitetemeka.

Binti huyo ana selimundu. Kliniki walishawaeleza wazazi wake tangu akiwa na mwaka mmoja kwamba homa ya mtoto mwenye ugonjwa huo haisubiri kukuche. Bandama yake, inayosaidia kukamata vijidudu kwenye damu, huharibika mapema, na maambukizi yanaweza kumzidi ndani ya saa chache. Parasetamol inashusha joto lakini haiui vijidudu. Ukishampa, safari ya hospitali iko palepale.

Baba akatangulia na ufunguo. Mama akafuata na mtoto begani, kanga imelowa kabla hajaufikia mlango wa gari.

Tak.

Basi, ni hivyo tu. Taa za dashibodi zinawaka vizuri, wipa zinacheza, injini kimya. Baba akazungusha tena ufunguo. Tak. Akasubiri, akavuta pumzi, akazungusha. Tak. Mama alihesabu hadi mara 14, kisha akafungua mlango na kutembea kwenye tope hadi kwa jirani mwenye bajaji. Jirani aliamka bila kuuliza kitu. Walifika hospitali saa 9 na dakika kumi, mtoto akatundikiwa dripu na kuanzishiwa dawa za sindano.

Siku ya pili asubuhi baba alirudi nyumbani kuchukua nguo za kubadilisha. Akajaribu gari kwa hasira tu. Likawaka mara moja, kama halijawahi kugoma tangu lizaliwe.

Mtoto alilazwa siku nne, akapona, akarudi. Ila nyumbani kulikuwa na jambo halijazungumzwa.

Gari hilo ni dogo, la Kijapani, la mwaka 1998, la gia za kujiendesha. Lilinunuliwa mwezi Juni mwaka uliotangulia kwa akiba ambayo mama alitaka iende kwenye kiwanja. Baba ndiye aliyeshinda mjadala ule, na hoja yake ilikuwa moja: mtoto akizidiwa usiku, tusihangaike. Sasa usiku wenyewe ulikuwa umekuja, na mtoto alikwenda hospitali kwa bajaji.

Mama hakulaumu. Aliuliza tu, wakiwa wanakula, "Hivi hili gari limeanza lini kufanya hivi?"

Baba alijibu, "Huwa mara mojamoja."

"Tangu lini?"

Akanyamaza kidogo. "Oktoba."

Ikawa Aprili. Miezi sita. Hapo ndipo mama alipoelewa kwa nini mumewe alikuwa akitoka nusu saa kabla yao kila asubuhi, eti "kupasha injini moto". Alikuwa akilibembeleza gari liwake kabla mkewe hajaingia. Siku nyingine lilikubali mara ya kwanza, siku nyingine mara ya saba, na likishawaka anapiga honi kwa furaha ya mtu asiye na tatizo. Aliona aibu kusema kwamba gari alilolipigania lina ugonjwa asioujua.

Na alikuwa amelitibia kimyakimya. Fundi wa kwanza alisema ni betri, akanunua mpya kwa shilingi 180,000. Gari likawaka vizuri kwa wiki tatu. Likagoma. Fundi wa pili akasema alteneta haichaji sawasawa, ikatafutwa ya mtumba, 120,000. Likatulia siku kumi. Wa tatu alibadilisha swichi ya ufunguo, 65,000, akaweka na plagi mpya, 40,000, ingawa plagi haihusiki kabisa na gari ambalo injini hata haizunguki. Ukijumlisha na ufundi wa 80,000, ni 485,000.

Mafundi wale hawakuwa matapeli, na hapo ndipo wengi hukosea kuhukumu. Betri ya zamani kweli ilikuwa imechoka. Shida ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Kitu kinachokuja na kuondoka humpa sifa mtu wa mwisho kukishika. Mzazi yeyote aliyewahi kuhangaika na homa inayopanda na kushuka anajua: dawa uliyompa mtoto jioni ile homa ilipokuwa inashuka yenyewe ndiyo utakayowasimulia majirani mwaka mzima. Betri mpya ilipata sifa wiki tatu, alteneta ikapata siku kumi.

Tena gari lilikuwa na ile tabia ya mgonjwa anayemwaibisha mama yake kliniki. Nyumbani mtoto analia usiku kucha, mbele ya daktari anacheza na kalamu zake. Baba alilipeleka gereji mara tano likiwa limetoka kugoma, na mara zote tano fundi alipozungusha ufunguo, liliwaka. "Mbona zima hili, bosi?"

Mama ni fundi cherehani, na kuhusu magari hajui hata mafuta ya breki yanamiminwa wapi. Lakini kuna kitu alikijua kwa miaka mitano. Kila maumivu ya binti yanapokuja, anaandika: tarehe, saa, yameanzia wapi, hali ya hewa ilikuwaje, alikunywa maji kiasi gani, alicheza nini siku hiyo, alipewa dawa gani. Muuguzi mmoja alimfundisha hivyo, akamwonya kwamba daktari haoni kinachotokea nyumbani saa 7 usiku, na kumbukumbu ya mama aliyekesha haiaminiki. Ni kwa daftari hilo walipogundua kuwa maumivu mengi yalikuwa yakifuata siku za baridi na siku ambazo shuleni maji yaliisha.

Usiku ule alilichukua daftari lile lile, akaligeuza nyuma, akaandika juu ya ukurasa: GARI.

"Utaniambia kila kitu," alimwambia mumewe. "Hata siku likiwaka vizuri."

Baba alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Wakaanza.

Mwanzoni maelezo yake yalikuwa hovyo. "Limegoma." Mama akayakataa. Limegomaje? Umesikia nini? Mlio mmoja, milio mingi ya harakaharaka, au hakuna mlio kabisa? Taa za dashibodi zilififia au zilibaki vilevile? Injini ilikuwa ya moto au ya baridi? Uliegesha kwenye mteremko? Gia ilikuwa wapi? Liliwaka baada ya mara ngapi? Maswali hayo hakuyatoa kwenye kitabu cha magari. Ni maswali ya kliniki, ameyabadilisha mwili tu.

Baada ya siku 23 walikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Gari lilikuwa limewashwa mara 71 na kugoma mara 12. Katika mara zote 12 mlio ulikuwa mmoja, tak, kila ufunguo unapozungushwa. Katika mara zote 12 taa hazikufifia hata kidogo. Mara tano liligoma la baridi, mara saba la moto, kwa hiyo joto halikuwa na la kusema sana. Mara mbili baba alijaribu kuliwasha likiwa kwenye N badala ya P, haikusaidia. Na mara moja, nje ya benki, kijana wa maegesho aliigonga stata kwa mpini wa jeki, likawaka palepale. Baba aliona kama mazingaombwe. Mama aliandika.

Waliambiwa kuna mzee fundi umeme wa magari Gerezani, mtu wa zamani, anayefanya kazi peke yake na kijana mmoja. Walikwenda Jumamosi, wote wanne, maana kaka mtu hakuwa na pa kubaki. Mama alimwamkia, akampa daftari kabla hata boneti haijafunguliwa.

Mzee alivaa miwani. Alisoma ukurasa wote, akarudia.

"Nani kaandika hii?"

"Ni mimi, mzee."

"Mama, umeshanifanyia nusu ya kazi."

Akawaketisha kwenye benchi akawaeleza, na maelezo yake yanafaa kwa kila mwenye gari la umri mkubwa.

Ukizungusha ufunguo, alisema, umeme mdogo unasafiri kutoka kwenye swichi, unapita kwenye kiswichi cha gia kinachohakikisha uko P au N, unafika kwenye stata. Umeme huo mdogo hauzungushi injini. Kazi yake ni kuamsha sumaku iliyo mgongoni mwa stata. Sumaku inavuta chuma, na chuma kile kina kisahani cha shaba mwishoni, kinachokwenda kuunganisha vipande viwili vya shaba. Hapo ndipo umeme mkubwa wa betri, ampia mia na zaidi, unapopita kwenda kuzungusha mota. Ule mlio, tak, ni chuma kikivutwa.

Kwa hiyo masikio yako ni kipimo cha kwanza. Ukisikia tatatatata ya harakaharaka na taa zikififia, tazama betri au vichwa vyake vyenye kutu nyeupe. Ukizungusha na kusiwe na mlio wowote huku taa zinang'aa, tatizo liko njiani kabla ya stata: swichi ya ufunguo, rilei, kiswichi cha gia, au waya mwembamba uliochomoka. Ukisikia tak moja nzito na taa hazijali kabisa, basi umeme mdogo umefika, sumaku imevuta, lakini umeme mkubwa haupiti.

"Kama mota ingekuwa inavuta umeme ule mkubwa, taa zingeinama," mzee alisema. "Zenu haziinami. Maana yake mlango haujafunguka."

Baba akauliza kwa nini basi siku nyingine linakubali. Mzee akachukua sarafu mbili na kifuniko cha chupa. Kile kisahani cha shaba kinazunguka kidogo kila kinapovutwa, akasema, kwa hiyo kila mara kinagusa mahali tofauti. Shaba ikishaliwa na cheche za miaka 20 na ushee, kuna upande unagusa na upande haugusi. Ukizungusha ufunguo mara nane, unacheza bahati nasibu mara nane. Ukiigonga stata, unakisogeza.

Hata hivyo hakufungua kitu. Na hili ndilo lililowashangaza, kwa sababu mafundi wote waliotangulia walikuwa wameanza na spana. Mzee alisema dalili zinaonyesha stata, ila waya mnene wa betri ukiwa umeoza ndani, au ule wa ethi, unaweza kuleta mlio huohuo. Hataki kuwa fundi wa nne wa kubahatisha. Alipima betri gari likiwa limezimwa: volti 12.6, nzima. Akaliwasha, likakubali kama kawaida yake mbele ya wageni. Wakati stata inazunguka betri haikushuka chini ya volti 10, na injini ilipokuwa inanguruma alteneta ilikuwa inatoa 14.1. Vyote vizuri. Ugonjwa hauko nyumbani siku hiyo.

Akafanya jambo dogo sana. Alichukua taa ndogo ya balbu, akaunga waya wake mmoja pale kwenye kiunganishi cha waya mwembamba wa stata na mwingine kwenye bodi, akaweka na fyuzi, akaipitisha taa hadi ndani na kuibandika kwa selotepu juu ya dashibodi. Kisha akachora alama mbili nyuma ya daftari. Ukizungusha ufunguo, gari ligome, taa iwe giza: shida iko kwenye ufunguo au gia, nipigie simu. Taa iwake vizuri na gari ligome: usihangaike kulibembeleza, nipigie simu nije likiwa bado limegoma.

"Anayetaka kumjua mwizi asiende kwake mchana," alisema. Akachukua shilingi 10,000 ya kazi hiyo.

Binti ndiye aliyejipa kazi ya kusimamia taa. Kila asubuhi alisogeza kichwa katikati ya viti viwili vya mbele. "Imewaka, baba. Na gari limewaka." Ilikuwa hivyo siku sita. Siku ya saba, nje ya shule, saa 7 mchana, mama na watoto wakiwa ndani: tak.

"Imewaka, baba! Ila gari limenuna."

Baba aliuachia ufunguo. Mwenyewe anasema ile ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, kutozungusha mara ya pili, na magari ya wazazi wengine yanapiga honi nyuma. Walilisukuma pembeni likiwa kwenye N. Gari la gia za kujiendesha halifufuliwi kwa kusukumwa kama la gia za mkono, na hilo ni la kulijua kabla ya usiku wa shida.

Mzee alifika na bodaboda baada ya dakika 50, mita yake ndani ya mfuko wa rambo. Alimwomba baba azungushe ufunguo na kuushikilia, naye chini akapima boliti kubwa ya stata inapoingia waya wa betri: volti 12.4. Waya ni mzima basi. Akapima boliti ya pili, upande wa pili wa ule mlango wa shaba, inapotokea njia ya kwenda kwenye mota. Sifuri. Akaigonga stata kidogo kwa spana. Gari likaunguruma.

"Tumemkamata," alisema, akajifuta mikono.

Waliongozana hadi Gerezani. Akafungua kwanza waya hasi wa betri, akatoa stata, akafungua mfuniko wake wa nyuma wenye boliti tatu. Kipande kimoja cha shaba kilikuwa kimebaki nusu, kimechimbika kama kisigino cha kandambili ya zamani. Kisahani kilikuwa na alama nyeusi pande zote. Mzee alivipa watoto wavishike. Vipande viwili vipya, kisahani chake, kusafisha na kupaka grisi mahali panapostahili, kazi na usafiri wa bodaboda: 45,000. Angeweza kuwauzia stata nzima ya mtumba, nao wangelipa bila kunung'unika. Alisema stata ya mtumba ina shaba ya umri uleule.

Njiani kurudi baba alikuwa kimya. Walipofika mataa ya TAZARA akasema, "Ningekwambia Oktoba, tungemaliza Novemba."

Mama alikuwa anaangalia nje. "Mimi nilijua," alisema. "Hakuna injini inayopashwa moto nusu saa, Dar es Salaam."

Hakuwahi kueleza kwa nini naye alinyamaza miezi sita. Pengine alimwonea huruma. Pengine hakutaka kuonekana anakumbushia kiwanja. Nyumba nyingi zina kitu cha namna hiyo, kinachogoma mara mojamoja, na kila mmoja anadhani mwenzake hajasikia.

Mzee aliwaambia wiki mbili baadaye wapitie kutoa ile taa. Binti alikataa, akalia kabisa, na mzee akaiacha. Akakaza tu waya wake vizuri. Namba ya simu ya jirani mwenye bajaji nayo imebandikwa mlangoni mwa friji, kwa maandishi makubwa, na mama hana mpango wa kuitoa. Gari bado ni la mwaka 1998.

Agosti, usiku wa baridi kwa kadiri Dar es Salaam inavyojua baridi, binti aliamka akisema kifua kinauma. Kipimajoto kikatolewa. Parasetamol, blanketi, chupa ya maji, kadi ya kliniki, ufunguo. Hakuna aliyezungumza mpaka walipoketi ndani ya gari. Kataa kalimulika, na injini ikaitikia.

Ukurasa wa siku ile, mama aliuandikia kwenye benchi la mapokezi wakati daktari anasikiliza kifua cha mtoto. Mwandiko umekwenda upande, kalamu ya kuazima:

"Saa 8:40 usiku. Joto 38.6. Kifua upande wa kulia. Maji: chupa moja na nusu tangu asubuhi, hayatoshi. Parasetamol saa 8:45. Gari: mara ya kwanza."